Tamthilia Yenye Kumbukumbu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua cha Kutazama Jioni

Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na ofisi. Familia ilibaki Dar es Salaam mwaka mzima wa kwanza, mimi nikapanga chumba na sebule Ilazo, nyumbani kwa mama mmoja wa Kigogo, mzaliwa wa Mpwapwa. Aliyeishi Dodoma miaka ile anazijua jioni zake. Saa kumi na mbili upepo unaanza kutikisa mabati, saa mbili mitaa imeshatulia, na mgeni asiye na pa kwenda kupiga soga anabaki na rimoti mkononi. Miezi minne ya mwanzo nilitazama chochote kilichojileta. Kisha jioni moja mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mwanangu, ile ya jana iliishia wapi?" Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekaa mbele ya runinga saa mbili nzima, na hazikuniachia hata jina la mtu mmoja.

Tangu siku ile nachagua. Nimekosea mara nyingi, nimeacha tamthilia katikati, nimezirudia nyingine mara mbili, na watumishi wenzangu wameanza kunijia kuniuliza watazame nini. Majibu yangu yote nimeyaandika hapa, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe naufuata.

Tukubaliane kwanza: nzuri ni ipi?

Kwangu mimi tamthilia nzuri ni ile yenye kumbukumbu. Jambo lililotendeka sehemu ya pili bado lina uzito sehemu ya kumi na mbili. Aliyekopa anadaiwa, aliyedanganya anaishi na hofu ya kugunduliwa, aliyefiwa anabadilika namna anavyoongea na watu. Kuna tamthilia moja niliyoifuata wiki sita, jina lake nalihifadhi. Jumatatu dada alianguka ngazi, akafungwa plasta mguu mzima, mama yake akalia hospitalini. Alhamisi ya wiki hiyohiyo yuko harusini anacheza na viatu virefu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mguu umeponaje. Hiyo imesahau. Na ikiwa aliyeitunga amesahau, mtazamaji hana sababu ya kukumbuka.

Mkoa wetu una historia yake katika jambo hili, ingawa ilikuwa redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke karibu kila kituo cha safari yake, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo. Ulirusha vipindi vingine makusudi, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha na mikoa iliyousikia. Walipopima waliona tofauti: kwenye mikoa iliyousikia watu walipunguza idadi ya wapenzi na walitumia kondomu zaidi. Baadaye Dodoma nayo ikarushiwa. Mama mwenye nyumba anamkumbuka Mkwaju mpaka leo na humtaja kama jirani aliyehama. Naamini mchezo ule ulishika watu kwa sababu haukumsamehe Mkwaju kirahisi. Kila kituo alichosimama kilihesabiwa, mpaka virusi vya UKIMWI vikamfikia.

Kipimo hichohicho ndicho ninachokwenda nacho kwenye runinga.

Hatua ya kwanza: hesabu jioni zako kabla ya kutafuta jina

Wengi huanza kwa kuuliza jina la tamthilia. Anza na muda ulionao, kwa sababu tamthilia zina maumbo tofauti na kila umbo lina namna yake ya kula usiku wako.

Lipo umbo lisilo na mwisho, linalokwenda kila siku ya kazi mwaka hadi mwaka. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo wengi tuliijulia ITV, ilianza 1998 na ikafungwa Machi 2020. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini. Umbo hili ni la kusindikiza maisha: unapika huku unasikiliza, ukikosa siku tatu hujapotea. Usilitarajie likupe kisa kilichofungwa vizuri, maana halikuundwa kufungwa. Tamthilia zetu nyingi za kila siku kwenye chaneli ya Maisha Magic Bongo zinakaribia umbo hili.

Lipo la Amerika ya Kusini na Mexico, sehemu mia moja hadi mia mbili, lenye mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Wafilipino wana la kwao linalofanana nalo.

Za Kituruki zinahitaji hesabu ya peke yake, kwa sababu hapo watu hujichanganya. Nyumbani kwao sehemu moja hurushwa mara moja kwa wiki na huwa ndefu kama filamu, saa mbili hivi au zaidi. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika arobaini na kitu. Ndiyo maana ile ya Suleiman na Hurrem, Muhteşem Yüzyıl, tuliyoizoea kwa sauti za Kiswahili Azam Two kwa jina la Sultan, kwao ina sehemu 139 zilizorushwa kati ya 2011 na 2014, lakini ukiikuta imekatwa idadi huzidi mara mbili. Ukiambiwa "ina sehemu mia tatu" uliza kwanza: za dakika ngapi?

Za Korea Kusini, zile za kisasa, mara nyingi huwa sehemu 16 za saa moja hivi, msimu mmoja, kisa kimekwisha. Ukitazama moja kila jioni ya kazi unamaliza ndani ya wiki tatu na siku moja. Za kihistoria ni ndefu zaidi: Jang Geum ya 2003 ina sehemu 54, Jumong ya 2006 ina 81. Jumong ukiila kwa saa moja kila usiku bila kupumzika ni karibu miezi mitatu ya maisha yako. Mimi niliila hivyo na sijutii, ila niliingia nikijua.

Za Marekani na Uingereza huja kwa misimu, au sizoni kama tulivyozoea kuita, na hatari yake ni kufutwa kabla kisa hakijafika mwisho. Usianze iliyofutwa njiani. Angalia kama imekamilika. The Wire imekamilika: misimu 5, sehemu 60, kuanzia 2002 hadi 2008. Zipo pia fupi zilizoandikwa ziishe mara moja, kama Chernobyl ya 2019, sehemu 5 tu.

Ushauri wangu kwa mtu wa kazi anayerudi kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa moja jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope: anza na fupi. Sehemu tano au sita. Country Queen ya Kenya, iliyotoka Netflix mwaka 2022, ni sehemu 6, na watu wake wanachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kikamba kama watu halisi wanavyochanganya. Binti anarudi kijijini baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi yao. Ndani ya wiki moja umemaliza na umeshajua unapenda nini.

Hatua ya pili: uliza watu, ila badilisha swali

"Tamthilia gani nzuri?" ni swali bovu. Utatajiwa inayosemwa mjini wiki hii. Mimi nauliza hivi: "Ipi uliimaliza mpaka mwisho mwaka huu?" Akishaitaja, nauliza, "Nisimulie kitu kimoja unachokikumbuka." Akianza kumsifu stelingi kwa sura na mavazi, nashukuru na kuendelea na safari. Akianza kusema "kuna mahali yule baba alimkuta mwanawe anauza kitu cha marehemu mama yake…" na sauti inabadilika, nachukua kalamu.

Dodoma tuna bahati ambayo hatuithamini. Tangu serikali ilipohamia na vyuo vikaongezeka, meza moja ya chai ina mtu wa Kigoma, mtu wa Pemba, Mnyaturu wa Singida na binti wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayejua Kikorea cha kuombea maji. Kila mmoja ana bomba lake la tamthilia. Kunywa chai nao.

Mtu mwingine wa kumuuliza ni kijana wa banda la kuingiza muvi kwenye flashi. Niliwahi kumuuliza mmoja karibu na soko la Majengo swali ambalo nadhani ndilo bora kuliko yote: "Watu wakimaliza msimu wa kwanza, ipi wanarudi kuchukua wa pili?" Hakufikiri hata sekunde. Alitaja mbili, na zote mbili zilinifaa. Anaona jambo ambalo trela haliwezi kukuonyesha, yaani nani alirudi.

Hapa niseme wazi ninachokiamini. Kumuuliza ni kitu kimoja, kununua nakala ya wizi ni kingine. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, lakini hata bila sheria, kazi ya Mtanzania mwenzako ikizunguka kwenye flashi kwa mia tano, yeye hapati hata senti ya kuandikia nyingine. Tamthilia za kwetu zipo kwenye ving'amuzi vya bei ya chini, na nyingine wenyewe wameziweka YouTube bure. Zitazame huko. Idadi ya waliotazama ndiyo mshahara wao.

Hatua ya tatu: soma majina yanayopita mwishoni

Sura kwenye bango inaweza kukudanganya, kwa sababu mwigizaji mzuri huchukua pia kazi mbaya, ana watoto wa kusomesha. Mwandishi na mwongozaji ndio wenye alama ya kidole inayojirudia. Tamthilia ikikugusa usibonyeze rimoti majina yanapoanza kupita. Andika mawili: aliyeandika na aliyeongoza.

Mfano rahisi ni Jang Geum. Mwongozaji wake ni Lee Byung-hoon. Ukilipenda lile simulizi la binti wa jikoni wa kifalme anayepanda hatua kwa hatua mpaka kuwa tabibu, tafuta jina hilo na utakuta ameongoza pia Hur Jun, kisa cha tabibu mwingine, na Dong Yi ya 2010. Umepata miezi ya kutazama kutoka kwenye jina moja. Kwetu pia fanya hivyo. Leah Mwendamseke, anayejulikana kama Lamata, ndiye aliye nyuma ya Kapuni na Jua Kali. Ukiipenda moja unajua pa kwenda, na usipoipenda umeokoa muda. Karabani aliongoza Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonekana mwaka 2012, kisa cha Cheche, mpiga picha kijana, na familia inayomzunguka.

Siri ya Mtungi naipendekeza kwa kila anayeniambia "Bongo hakuna tamthilia". Uangalie ule utulivu wa kamera na watu wanavyokatizana kauli kama wanavyokatizana nyumbani. Ilitengenezwa kwa lengo la kufundisha afya, na bado haihubiri. Mtu anakosea, gharama inakuja, na anailipa.

Ukitaka kujua mizizi, wazee wetu wa maigizo ya Kaole pale ITV ndio walioifundisha nchi kukaa mbele ya runinga jioni. Marehemu Steven Kanumba alipitia huko kabla ya filamu.

Hatua ya nne: nyota na tuzo, kwa tahadhari

Kwenye tovuti ya IMDb kila tamthilia ina alama kwa kipimo cha 10. Usiishie kwenye ile alama kubwa ya juu. Fungua orodha ya sehemu, kwa sababu kila sehemu ina alama yake. Tamthilia inayoanza na 8.5 na msimu wa nne iko 6 inakueleza mapema kwamba itachoka. Pengine utazame misimu miwili na kuaga. Angalia pia idadi ya waliopiga kura: alama tisa iliyotolewa na watu arobaini tu ni ya ndugu na marafiki.

Tatizo ni kwamba kazi za Kiswahili hazina wapiga kura wengi huko. Kwa hizi, mimi husoma maoni chini ya video za YouTube, na natafuta kitu kimoja: watu wanabishana juu ya nini? Wakibishana kama mke alikuwa na haki ya kuondoka, hiyo tamthilia inaishi. Maoni yote yakiwa ni mioyo na "wa kwanza kufika", hujapata ushahidi wowote.

Tuzo zinasaidia kufungua mlango. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lipo tangu miaka ya mwisho ya tisini. Tuzo za AMVCA, za filamu na runinga za Afrika, zilianza 2013. Emmy ni za Wamarekani na zina kundi la kimataifa. Orodha za walioteuliwa huwa na faida kuliko za walioshinda, kwa sababu unapata majina matano badala ya moja. Lakini kumbuka kwamba The Wire, ambayo waandishi wengi wa runinga wanaihesabu miongoni mwa kazi bora kuwahi kutengenezwa, haikupata Emmy hata moja.

Hatua ya tano: sehemu tatu, na dakika tano bila sauti

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, na hapa sitaki haraka.

Ipe kila tamthilia sehemu tatu. Ya kwanza haitoshi, kwa sababu ya kwanza hutengenezwa kuuza: kuna ajali, harusi, maiti, mvua ya usiku. Ya pili huwa inatambulisha watu. Ya tatu ndiyo inayokuonyesha kama mwandishi ana kitu. Baada ya ya tatu jiulize: naweza kutaja watu wanne kwa majina bila kufikiri? Kuna jambo la sehemu ya kwanza ambalo limerudi? Adui ana sababu inayoeleweka, au ni mbaya tu kwa sababu mwandishi anamhitaji mbaya? Hilo la adui naliwekea uzito mkubwa. Mtu mbaya ambaye ukiwa kitandani unajikuta unamwelewa kidogo, huyo ameandikwa na mtu aliyekaa chini akafikiri.

Kisha fanya jaribio nililojifunza kwa bahati. Zima sauti dakika tano.

Mama mwenye nyumba hajui Kiingereza. Jioni moja umeme uliporudi tulikuwa tukitazama Chernobyl, mimi nikimfasiria vipandevipande, yeye amepakata ungo wa karanga anachambua. Ikafika mahali ambapo waziri wa makaa ya mawe anawajia wachimbaji. Amevaa suti safi ya rangi ya kupauka, ana askari wenye bunduki kushoto na kulia, na anawataka waende Chernobyl, penye kinu cha nyuklia kilicholipuka. Wachimbaji wako weusi kwa vumbi la makaa. Wanamtazama. Kisha wanaanza kupita mmojammoja kwenda kupanda magari, na kila anayepita anamgusa begani, kifuani, hata shavuni, na kila mguso unaacha alama nyeusi ya kiganja kwenye ile suti. Nilikuwa nimenyamaza, sikufasiri neno. Mama akasimamisha mikono juu ya ungo. Wa mwisho alipopita, suti ikiwa imechafuka yote, akacheka chini kwa chini na kusema, "Sasa amefanana nao."

Alikuwa amesema karibu kilekile ambacho mchimbaji mmoja anamwambia waziri kwa lugha asiyoijua. Picha ilikuwa imemfikishia.

Tangu hapo nazima sauti. Tamthilia ambayo bila sauti haikuonyeshi nani anamwogopa nani, nani amechoka, nani anaficha, inategemea maneno peke yake, na hiyo ungeweza kuisikiliza redioni. Ukikuta watu wawili wamesimama uso kwa uso sebuleni wanarushiana maneno dakika saba, kamera haijasogea, na nyuma yao makochi mapya, una haki ya kuondoka.

Hatua ya sita: lugha itakayokufikia

Ziko njia tatu za kuipata tamthilia ya kigeni. Ipo iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ipo yenye maandishi ya chini, na ipo ya msimuliaji anayepiga stori juu ya picha kama kwenye vibanda umiza.

Msimuliaji nampenda kwa filamu za mapigano. Kwa tamthilia hapana, kwa sababu anaziba ule ukimya ambao mwandishi ameuacha kwa makusudi, na mara nyingine anatunga kisa chake.

Sauti za Kiswahili zimepiga hatua kubwa. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa kwa Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Ilipendwa kwa sababu suala la mkwe halihitaji pasipoti. Leo ving'amuzi vyetu vina za Kituruki, za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili karibu kila usiku.

Namna ya kupima tafsiri: sikiliza salamu na heshima. Mkwe anamwitaje mama mkwe? Kijana akiingia mbele ya mzee anasema nini? Kama binti anamwambia bibi yake "wewe unataka nini" mahali ambapo picha inaonyesha ameinamisha kichwa kwa adabu, aliyefasiri ametazama karatasi bila kutazama uso, na utapoteza mengi zaidi ya hilo. Ikiwa tafsiri ni mbovu na Kiingereza unakisoma, tafuta yenye maandishi ya chini. Siku mbili tatu za mwanzo macho yatachoka, halafu utazoea.

Hatua ya saba: bando, dishi na upepo wa Dodoma

Kwa watazamao kwa simu, hesabu ni hii. Netflix kwa ubora wa chini hutumia hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati hadi 0.7, na HD hadi GB 3. Tamthilia ya Kikorea ya saa 16 itakula chini ya GB 5 kwa ubora wa chini na inaweza kufika GB 48 kwa HD. Kwenye kioo cha simu ubora wa chini au wa kati unatosha kabisa. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe mwenyewe, usiiachie simu iamue. Ukiwa penye waifai, pakua. Mimi hupakua sehemu nne kabla ya kupanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam, na zinanifikisha, maana mtandao njiani unakuja na kupotea.

Kwa wenye dishi: kati ya Juni na Agosti upepo wetu unalisogeza taratibu bila wewe kujua, picha inaanza kukatika vipande, na watu wanadhani kifurushi kimekwisha. Kabla ya kulipa tena fungua sehemu ya kuonyesha nguvu ya mawimbi kwenye king'amuzi. Ikiwa imeshuka na anga ni safi, dishi limehama. Mwite fundi alikaze na kuongeza nati, na mwambie achimbie nguzo ardhini badala ya kuipigilia kwenye ukuta wa tofali za kuchoma unaomomonyoka. Masika, wingu zito likikata picha, ngoja tu, itarudi.

Mwenye king'amuzi cha antena anaendelea kupata stesheni za bure kama TBC1 na ITV hata kifurushi kikikatika. Kwa bajeti ndogo hapo kuna tamthilia za kutosha kuanzia.

Usilipie kifurushi kikubwa mwaka mzima kwa ajili ya tamthilia moja. Subiri iishe kurushwa, kisha lipia mwezi mmoja uitazame mfululizo kwenye huduma iliyo nayo.

Watoto wakiwepo

Angalia daraja la umri linaloonyeshwa mwanzoni, na ukiwa na shaka itazame peke yako kwanza. Familia yangu ilipohamia, tulikubaliana saa moja hadi saa tatu ni ya wote, na zile nzito zinangoja watoto walale. Tumeshikilia hivyo.

Kuacha, na daftari

Ruhusu moyo wako kuacha. Pesa ya kifurushi imeshakwenda, kuendelea kuteseka hakuirudishi. Lakini unapoacha, andika sababu kwa mstari mmoja. Nina daftari la shule la kurasa 80 juu ya runinga. Kila tamthilia ina mistari minne: jina na ina sehemu ngapi, nani ameandika na nani ameongoza, nimeifikisha wapi, na kitu kimoja ninachokikumbuka. Mstari wa nne nauandika wiki moja baada ya kumaliza, siuandiki usiku uleule. Zile ambazo mstari wa nne umebaki mtupu sizipendekezi kwa mtu, hata kama niliziona tamu wakati nikitazama.

Mama mwenye nyumba hasomi sana, kwa hiyo ya kwake ananiambia mimi niandike. Ukurasa wa Chernobyl, mstari wa nne, umeandikwa kwa maneno yake: "Viganja kwenye suti."